Miguu ya Ajenti Isining'inie

Ukienda kutoa pesa Kitale ama Bungoma mjini, utamwona ajenti kwenye stuli ndefu. Usichoona ni miguu yake, inaning'inia nyuma ya kaunta. Ukingo wa stuli hubana mapaja, damu haizunguki vizuri, na jioni viatu vinabana.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri aandae mahali pa kuketi. Lakini tunaona kiti pekee hakitoshi. Mwenye duka, weka kreti ya soda iliyopinduliwa ama kibao cha fundi, nyayo zote mbili zikanyage. Ni gharama ndogo sana.

Nawe mteja, ajenti akisimama kujinyoosha, mpe dakika moja. Pesa yako haiendi popote.