Dawa ya nguruwe kwa mtoto wa Kiislamu: tuache minong'ono

KUNA jambo linalosemwa kwa minong'ono katika nyumba zetu hapa Uingereza na kule Ghuba. Ni habari ya watoto wenye ugonjwa wa kurithi uitwao sistiki faibrosisi, na dawa yao inayotokana na nguruwe.

Wengi tunadhani huu ni ugonjwa wa Wazungu peke yao. Si kweli. Umo pia Oman na Falme za Kiarabu, kwa Waarabu na Wabaluchi, na jamaa zao tunaishi nao Unguja, Mombasa na London.

Ugonjwa huu hufanya ute wa mwilini uwe mzito. Unaziba mapafu, unaziba na mirija ya kongosho, hivyo vimeng'enya vya kusaga mafuta havifiki kwenye utumbo. Hali hiyo huwapata takriban wagonjwa 85 hadi 90 katika kila 100. Mtoto anakula sana lakini hanenepi. Choo chake kina mafuta na harufu kali, na vitamini A, D, E na K zinapotea humo humo.

Tiba ni kapsuli za vimeng'enya, zinazotumiwa kwa kila mlo wenye mafuta. Hapo ndipo penye mgogoro, maana vimeng'enya hivyo hutolewa kwenye kongosho la nguruwe. Marekani, dawa zote za aina hii zilizoidhinishwa ni za nguruwe. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya huko, FDA, haikuipitisha liprotamasi, ambayo haikutoka kwa mnyama huyo.

Tujiulize, je, mzazi anaambiwa hayo? Wapo madaktari wanaonyamaza wakiogopa kuudhi. Mzazi akija kusoma mwenyewe kwenye karatasi ya dawa, anaona amefichwa, naye anaacha kumpa mtoto bila kusema. Kliniki wanaona uzito unashuka, wanadhani dozi haitoshi, wanaongeza. Na dozi ina mpaka wake. Mwaka 1994 madaktari wa Liverpool waliripoti watoto waliosinyaa utumbo mpana baada ya kutumia vimeng'enya vikali. Tangu hapo inashauriwa isizidi yuniti 10,000 za lipasi kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa hiyo daktari anaficha, mzazi anaficha, anayeumia ni mtoto.

Mimi si mufti. Lakini kanuni ya dharura inajulikana hata madrasa: kilichokatazwa huruhusiwa pale uhai unapokuwa hatarini na mbadala haupo. Basi masheikh wetu wakae na madaktari, kisha waseme wazi, kwa Kiswahili, pale msikitini. Madaktari nao wamweleze mzazi asili ya dawa siku ya kwanza, si mpaka aulize. Na mzazi mwenye shaka aipeleke kliniki na kwa sheikh wake kabla ya kuacha dozi hata moja.

Mwaka 2024 dawa hizi ziliadimika Uingereza, wagonjwa wakahangaika duka hadi duka. Wapo wanaoitafuta wasiipate. Sisi tunayo, mtoto anapewa bila malipo, tunaifungia kabatini kwa aibu. Sisi tuliokimbia kwetu kwa sababu ya kusema tunajua kusema kuna gharama. Lakini gharama ya kunyamaza hapa analipa asiyejua hata kutamka jina la ugonjwa wake.