Mazungumzo ya Nyumbani: Sala ya Mezani



Ndugu mmoja, mwenye nyumba na watoto, aliniuliza neno ambalo sikuweza kulijibu mara moja. Alisema, "Nyumbani mwetu hatukugusa chakula kamwe kabla ya kumshukuru Mungu. Lakini mwaka huu mvua imetupita, mtoto tumemzika, na chunguni hamna ila mboga za mwituni. Nikiwaambia watoto tushukuru, je, siwafundishi uwongo?" Swali hili si la kukemewa, maana limetoka katika moyo wenye uchungu. Basi nimeona afadhali nimjibu kwa habari za mtu aliyeumia kama yeye.

Katika nchi ya Ujerumani uko mji uitwao Eilenburg. Huko alizaliwa Martin Rinkart mwaka 1586, na mwaka 1617 akarudi kuwatumikia watu wa kwao katika kanisa. Mwaka uliofuata vilianza vita ambavyo havikukoma mpaka mwaka 1648, ndiyo miaka 30. Mji ule ulikuwa na boma, na watu wa mashamba walikimbilia ndani kwa wingi, wakasongamana. Njaa na maradhi yakaingia pamoja nao.

Mwaka 1637 ulipita yote kwa ubaya, kwa kuwa tauni iliingia mjini. Katika wachungaji wa mji mmoja aliondoka, wengine wakafa, akabaki Rinkart. Siku nyingine alizika watu 40 au 50. Mwaka ule watu aliowazika walipita 4,000, na mmoja wao alikuwa mkewe mwenyewe. Tena njaa kali ikafuata, naye akawagawia maskini alichokuwa nacho, hata akakopa kwa kuweka rehani mapato yake ya miaka ijayo.

Mtu huyu ndiye aliyetunga wimbo wa shukrani uitwao kwa Kijerumani Nun danket alle Gott, ambao Wakristo wa nchi nyingi huuimba hata leo. Wengi husimulia kwamba aliutunga baada ya tauni. Lakini wajuzi wa nyimbo hutaja kwamba ulipigwa chapa mwaka 1636, yaani kabla ya tauni ile. Wala mwanzo wake haukuwa wimbo wa kanisani. Ulikuwa sala fupi ya mezani, ya kusemwa na watu wa nyumba moja mbele ya chakula chao.

Hapo ndipo lilipo jibu. Msiba ulipofika, haukumkuta Rinkart akitafuta maneno. Yalikuwa yamekwisha kuzoewa nyumbani. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mtoto aliyezoea kushukuru siku ya shibe atakuwa na njia ya kumwendea Mungu siku ya njaa. Asiyezoea atailima njia hiyo gizani.

Nawe, ndugu yangu uliyeniuliza, hukuagizwa kuushukuru ukame, wala kuliita kaburi la mwanao jambo jema. Huo ndio ungekuwa uwongo. Mshukuru Mungu kwa mboga zilizomo bakulini, kwa mikono ya mama aliyekwenda kuzichuma, na kwa nyuso zilizobaki kuzunguka chakula. Kisha mtajeni mtoto wenu kwa jina lake, mkamweke mbele za Mungu. Machozi yakija, yaacheni yaje. Sala yenye machozi haikosi kuwa sala. Na chakula kikiwa kidogo, fupisheni sala, lakini msiiache.

Waalimu nanyi, sala ya watoto shuleni isiwe mbio ya kuuwahi ugali. Waulizeni mara moja moja, "Leo tunashukuru kwa nini?" Mtashangaa jinsi watakavyojibu.

Tena tusisahau kwamba Rinkart alishukuru kwa kinywa, akashukuru na kwa kugawa. Jioni hii, kabla hatujasema Amina, na tuulize kama jirani amepika.

Mungu azibariki nyumba zenu.