Tabibu na Ajue Kila Tumezacho

Tangu dawa za kufubaza virusi vya ukimwi zilipokusanywa katika kidonge kimoja kimezwacho mara moja kwa siku, imeingia katika mji wetu wa Kolwezi, na katika kambi na vijiji vilivyotandaa kandokando ya njia kuu ipitayo Fungurume mpaka Likasi, dhana ya kwamba halikubaki tena jambo la kufundishana katika kuzitumia: mgonjwa apewe chupa yake, aambiwe asisahau, aende zake. Dhana hii naipinga, wala siipingi kwa kuidharau neema tuliyopata, maana kidonge chenyewe ni kizuri na maelfu ya watu wanaishi kwa sababu yake. Naipinga kwa kuwa wepesi wa kidonge umetusahaulisha swali ambalo usalama wake umelitegemea, nalo ni hili: pamoja na dawa hii, ndugu yangu, unameza nini kingine?

Nchi yetu ya Kongo si mgeni wa maradhi haya. Wataalamu waliochapisha uchunguzi wao mwaka 2014, baada ya kulinganisha chembe za urithi za virusi vilivyohifadhiwa, walionyesha kwamba yalianza kuenea kutoka Kinshasa, iliyoitwa Léopoldville zama hizo, mnamo miaka ya 1920, na kwamba reli zilizowabeba watu wa kazi na biashara ni miongoni mwa njia zilizoyafikisha Mbuji-Mayi na Lubumbashi kabla ulimwengu haujajua hata jina lake. Dawa ya kwanza, ile ya AZT, iliruhusiwa mwaka 1987, na kwa kuwa ilitumika peke yake, virusi, ambavyo hujigeuza kila vinapozaliana, viliizoea upesi na kuishinda. Ilikuwa mwaka 1996 ilipodhihirika kwamba dawa tatu zikiungana, kila moja ikivizuia virusi kwa namna yake, haviwezi kujigeuza kwa wepesi kuzikwepa zote kwa pamoja. Hii ndiyo hekima ya mseto, na humo humo imo hatari yake, kwa sababu likitokea jambo la kudhoofisha mmoja wa walinzi hao watatu, wawili waliobaki huachiwa kazi isiyokuwa yao, na virusi hupata mwanya wa kujifunza.

Wazee wa maradhi haya wanakumbuka vidonge vya zamani: stavudini iliyowanyong'onyeza mashavu na kuwachoma nyayo usiku, nevirapini iliyowatoa vipele, efavirenzi iliyowaletea ndoto za kutisha. Kidonge cha sasa, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikipa nafasi ya mbele mwaka 2019, kimekusanya tenofoviri miligramu 300, lamivudini miligramu 300 na dolutegraviri miligramu 50. Humezwa mchana au usiku, kwa chakula au bila chakula, na walio wengi hawaoni udhia wowote isipokuwa pengine kukosa usingizi, ambapo hushauriwa kukimeza asubuhi, au kuongezeka uzito. Mwenye kukisahau na akimeze mara akumbukapo, ila ikiwa zimebaki chini ya saa nne kufikia wakati wa kidonge kinachofuata. Hapo angoje, wala asimeze viwili kwa pamoja. Mpaka hapa mambo ni mepesi kweli.

Uzito wa jambo huanza pale mwili uhitajipo dawa nyingine, na katika ukanda wetu wa shaba dawa hiyo nyingine, aghalabu, ni ya kifua kikuu. Kongo imo katika orodha ya mataifa yaliyolemewa zaidi na kifua kikuu, pamoja na kile kiambatanacho na ukimwi, na kile kilichozoea dawa. Fauka ya hayo, sisi tunaishi juu ya miamba inayopasuliwa usiku na mchana: mchimbaji anayeshuka shimoni kwa kamba, na mama anayeponda na kuosha mawe pembeni, wote huvuta vumbi lenye chembe za silika, na pafu lililoingiwa na vumbi hilo kwa miaka huwa nyumba iliyo wazi kwa kifua kikuu, seuze pafu la mtu ambaye kinga yake imekwisha pungua. Basi dawa iliyo nguzo ya tiba ya kifua kikuu, rifampisini, ina tabia moja ambayo kila mgonjwa yampasa aijue: huliamsha ini kuisafisha dolutegraviri upesi kupita kiasi, hata kidonge cha asubuhi hakifiki asubuhi ya pili kikiwa na nguvu yake. Dawa ya jambo hili inajulikana wala si ghali, nayo ni kuongeza kidonge cha dolutegraviri peke yake, miligramu 50, saa kumi na mbili baada ya kile cha mseto, kwa muda wote wa tiba ya kifua kikuu na majuma mawili baada yake.

Lakini nani atamwongezea kidonge hicho, ikiwa chumba kimoja hakijui kinachotolewa katika chumba kingine? Mchimbaji wetu hakai mahali pamoja. Mwezi huu yuko Mutoshi, mwezi ujao amesikia habari za shimo jipya upande wa Fungurume, ameondoka na koleo na blanketi. Vidonge vya mseto alivichukua hapa mjini, Manika, kwa jina lake, na kikohozi kimemshika huko aendako, mahali asipotaka mtu ajue habari yake. Anapewa dawa za kifua, anazimeza kwa uaminifu, na vidonge vya mseto anavimeza kwa siri na kwa uaminifu ule ule, na ilhali amefanya yote aliyoamriwa, virusi vinapanda ndani yake. Huyu tusimwite mzembe. Ni mtu aliyekosa kuulizwa, au aliyeulizwa mbele za watu akanyamaza. Najua kwamba vituo vya kifua kikuu vimeagizwa kumpima kila mgonjwa wao virusi vya ukimwi, na agizo hilo ni jema. Lakini mtu aliyekwisha kujijua huweza kukataa kipimo kwa adabu, na asiseme sababu.

Na kuna mgongo. Mwenye kuchimba kwa nguvu za mikono yake, huko Kasulo ambako tangu mwaka 2014 kobalti imechimbwa chini ya nyumba za watu, na kwingineko, hurudi jioni viungo vikimuuma, na katika kila kiduka cha dawa hupata diklofenaki kwa bei ndogo, bila ya karatasi wala swali. Tenofoviri hupita katika figo, na kwa watu wachache huweza kuzidhuru. Diklofenaki na dawa za jamii yake nazo huzielemea figo. Na mtu aliyetokwa na jasho kutwa nzima shimoni, asiyekunywa maji ya kutosha, figo zake zimekwisha choka kabla ya dawa yoyote. Mambo haya matatu kila moja peke yake huvumilika, yakikutana siku baada ya siku huwa ni balaa. Kipimo cha damu cha kuangalia figo chajulikana na kila maabara ya hospitali kubwa. Mchimbaji wa namna hii asingojee avimbe miguu ndipo apimwe.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu na aluminiamu huishika dolutegraviri tumboni isiingie mwilini, kwa hiyo kidonge kimezwe saa mbili kabla ya dawa hizo au saa sita baada yake. Vidonge vya madini ya chuma wapewavyo wajawazito, na vile vya kalsiamu, vyaweza kumezwa pamoja na kidonge cha mseto madamu ni wakati wa chakula. Mwenye kisukari atumiaye metifomini amwambie tabibu, kwa kuwa dolutegraviri huizidisha metifomini katika damu. Mwenye kifafa atumiaye fenobabitoni, fenitoini au kabamazepini asinyamaze hata kidogo.

Kuhusu lutuku, pombe yetu kali ya kienyeji, nimesikia ikisemwa sana kwamba mtu aliyekunywa asimeze dawa siku hiyo, kwani vitu hivyo viwili vikikutana vitamuua. Na hivyo mwenye kunywa Jumamosi na Jumapili huacha vidonge viwili kila juma, akidhani anajihifadhi. Ulevi una madhara yake mengi na simtetei mlevi, lakini kuacha kidonge kwa sababu ya ulevi ni kuongeza dhara juu ya dhara: aliyekunywa na ameze kidonge chake vile vile. Na kuhusu dawa za miujiza, Afrika yetu imekwisha kuona. Mwaka 1987 huko Kinshasa ilitangazwa kwa shangwe dawa iliyoitwa MM1, kwa herufi za majina ya Mobutu, rais wetu wa zama hizo, na Mubarak, rais wa Misri, na haikuponya mtu. Mwaka 2011 umati usiohesabika ulimiminika Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila, na wamo walioziacha dawa zao za hospitali kwa kukitumaini. Sala simkatazi mtu, wala mzizi alioachiwa na nyanya yake; ninachotaka ni kwamba habari ya mzizi huo imfikie tabibu pia.

Sasa, kwa nini watu huficha? Kwa sababu wana cha kupoteza. Mtu anayetafuta ajira katika kampuni ya mgodi huamini kwamba jina lake likionekana katika daftari fulani kazi hataipata, na mke huogopa kurudishwa kwao. Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inamkataza mwajiri kumlazimisha mtu kipimo ili ampe kazi, na inakataza kumfukuza mtu kwa ajili ya virusi. Lakini ni wangapi kati ya wafanyakazi wa migodi walioisoma, na ni mabango mangapi yenye maneno yake yaliyobandikwa katika milango ya ofisi za kuajiri? Usiri wa hospitali ni sehemu ya dawa. Mahali ambapo wagonjwa wa ukimwi hupangwa foleni yao pekee, chini ya mwembe, machoni pa wapita njia, hapo tusishangae mtu akificha kikohozi chake.

Wako wenye kusema kwamba kumwambia mgonjwa hatari hizi zote ni kumtia hofu, na mwenye hofu huacha dawa. Hoja hii naiheshimu, kwani imetoka kwa wauguzi wenye huruma. Hata hivyo mtu anayejua kupima ubora wa jiwe kwa jicho, na kukokotoa bei yake mbele ya mnunuzi mwenye hila, hashindwi kuelewa kwamba dawa mbili zaweza kugombana. Hofu huletwa zaidi na dhara linalomfika mtu bila ya kuonywa.

Kijitabu kimoja chenye kuandikwa dawa zote za mtu, kisicho na alama ya maradhi juu yake, ambacho chumba cha kifua kikuu, cha wajawazito na cha mseto vyote vitakisoma, ndicho kitu cha kwanza ninachokitaka katika jimbo letu la Lualaba. Fedha zipo. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inaliachia jimbo asilimia 25 ya mrahaba, na miji na sekta zinazochimbwa asilimia 15. Na dawa yenyewe ya mwaka mzima kwa mtu mmoja, kwa bei iliyotangazwa na Mfuko wa Dunia mwaka 2023, haifiki dola 45. Mwezi Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake, ilhali mpango wake wa kupambana na ukimwi, PEPFAR, ulikuwa umeyashika majimbo ya Lualaba, Haut-Katanga na Kinshasa, tuliona jinsi shingo zetu zilivyofungwa katika mkono wa mtu wa mbali.

Siku za namna hiyo mtu huanza kuvipunguza vidonge, akameza siku moja na kuacha siku moja, au akamgawia jirani aliyeishiwa. Wema huo unawadhuru wote wawili. Na ikiwa mmoja wao ana homa ya ini aina ya B bila kujua, tenofoviri na lamivudini ndizo zilizokuwa zikiizuia, na kuziacha ghafula huweza kuiamsha kwa ukali. Aliyeishiwa na aende kituo kilicho karibu naye, hata kama kadi yake ni ya mji mwingine, na kituo hicho kimpe cha kumtosha mpaka habari zake zipatikane. Mganga mkuu wa jimbo atoe amri hiyo kwa maandishi, ibandikwe kuanzia Kolwezi mpaka Fungurume, ili muuguzi wa zamu asiogope kufungua kabati.