Kasumba ya mwilini na saratani: tusidanganyane

Wiki iliyopita alinijia mama mmoja mwenye uvimbe wa titi uliokwisha kuchubuka. Miezi minane nyuma aliandikiwa rufaa, hakwenda. Muuza dawa alimwambia kuwa mwili hujitengenezea wenyewe dawa ya kansa, akamuuzia chupa za "kuiamsha".

Uongo huu umejengwa juu ya jambo la kweli, ndiyo maana unauzika. Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, huko Aberdeen, Scotland, walitangaza kuwa ubongo hutoa vitu vinavyofanya kazi kama kasumba. Wakaviita enkefalini, ni protini fupi mno, za asidi amino tano tu. Baadaye Ian Zagon na wenzake, Pennsylvania, Marekani, wakaonesha kuwa moja ya hizo haiishii kutuliza maumivu. Hujishikiza kwenye kipokeo chake katika seli, na seli hiyo huchelewa kujigawa. Hata seli za uvimbe zilichelewa.

Zingatia neno hilo: huchelewa. Haifi. Enkefalini ikiondoka, seli inarudi kazini kwake.

Tena mwaka 1983 watafiti hao waliwapa panya wenye uvimbe naltreksoni, dawa inayoziba njia ya kasumba. Dozi ndogo ilizuia uvimbe, dozi kubwa ikaukuza haraka. Dawa ileile! Sasa huyu mwenye chupa isiyo na lebo amekupimia kwa mizani gani? Enkefalini ya kutengenezwa imejaribiwa kwa wagonjwa wachache wa saratani ya kongosho, lakini haijachukua nafasi ya upasuaji, mionzi wala dawa za hospitali.

Lililoniuma zaidi ni kwamba mama yule aliikataa hata mofini ya maji, akisema ni ulevi. Sisi tuliokaa madrasa tulifundishwa kuwa dharura ina hukumu yake. Anayenyweshwa mofini kwa kipimo cha tabibu hatafuti kulewa, anatafuta usingizi na nguvu ya kusimama kuswali. Maumivu ya saratani huishinda kasumba ya mwilini, na hakuna thawabu niijuayo ya kumwacha mgonjwa akilia usiku kucha ilhali dawa ipo.

Dada yangu, uvimbe wa titi mara nyingi huanza bila maumivu. Usisubiri uume.

Mama amekubali kwenda Ocean Road Jumatatu. Mumewe ameahidi kuniletea chupa zilizobaki.