Acheni Gamba Lilipo

Picha yangu iliyotundikwa kwenye maonyesho ya wanafunzi, ile ya samaki mdogo wa rangi ya mchanga anayeitazama kamera kana kwamba ana neno, niliipata kwa kumtikisa samaki huyo akatoka nyumbani kwake. Walioisifu hawakujua. Sasa wajue, maana nimechoka kusikia kwamba kupiga picha hakumdhuru kiumbe yeyote.

Nilijifunza kuzamia kwa mjomba wangu, ambaye huvua samaki wa mapambo kusini mwa Burundi, upande wa Nyanza-Lac, ambako maji ya Tanganyika ni maangavu kuliko kule kwetu Bujumbura, mto Ruzizi unakomwaga tope lake. (Ndiyo, kila mtu huniuliza habari za mamba Gustave. Sijamwona.) Chini huko kuna sehemu zilizojaa magamba matupu ya konokono, na ndani ya magamba hayo wanaishi samaki. Mmoja wao ni Lamprologus callipterus. Dume hubeba magamba kwa kinywa, moja baada ya jingine, akayakusanya mahali pamoja. Jike huingia ndani, hutaga mayai na kuyalinda humo humo. Watafiti waliowapima upande wa Zambia walikuta dume ni mzito kuliko jike mara 12 hivi. Yeye haingii ndani hata akitaka.

Sasa njoo na kamera ndogo. Olympus TG-6, kwa mfano, huweza kulenga kitu kilicho sentimita 1 tu mbele ya lenzi. Hapo ndipo balaa huanza. Mzamiaji anaamini kwamba kwa kuwa kamera inaweza kusogea hivyo, lazima asogee. Kivuli cha lenzi kinamfunika samaki, samaki anajificha, na mzamiaji ananyoosha mkono. Analiokota gamba, analipindua, analitikisa. Samaki anatoka, flashi inawaka, kazi imekwisha. Gamba linaangushwa popote, mdomo wake ukitazama mchangani, na kama kulikuwa na mayai, hakuna anayeuliza. Nimeona mgeni mmoja akifanya hivyo kwa magamba manne katika mbizi moja. Nami nilifanya kwa moja, na picha yake ndiyo hiyo mliyoipenda.

Utetezi wa kwanza ninaousikia ni kwamba hewa inakwisha, hakuna muda wa kungoja. Tufanye hesabu. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 una hewa lita 2,400. Acha baa 50 za akiba, zinabaki lita 1,800. Mtu mtulivu anayevuta lita 20 kwa dakika juu ya maji atatumia kama 32 akiwa mita 6 chini. Hizo ni zaidi ya dakika 50. Mtu aliyekosa subira ndani ya dakika 50 asisingizie mtungi.

Utetezi wa pili una nguvu zaidi, nao nilirushiwa na rafiki yangu tuliposoma rasimu hii: mjomba wako anakamata samaki hao kwa mamia na kuwauza ng'ambo, wewe unalilia gamba moja? Sina jibu safi. Mkate nilioula nikiwa shule ulitoka kwenye nyavu hizo. Lakini mjomba anajua amechukua nini. Anahesabu, anaandika daftarini, na mahali palipopungua hupaacha. Mpiga picha anapanda mashuani akiamini kwamba hakuchukua chochote, kisha anatufundisha sisi kuhifadhi ziwa.

Mjomba aliponiona nimelishika gamba hakunigombeza. Alinipokonya taratibu, akalirudisha, mdomo juu, kisha tulipofika juu akaniambia, "Mpwa wangu, hapo mlangoni mwa watu hodi hupigwa, haibomolewi."

Tangu hapo ninalala tumbo juu ya mchanga tupu, mbali kidogo, miguu imetulia nisichafue maji, kwa sababu tope likiinuka flashi hulimulika likawa kama unga wa muhogo uliomwagwa hewani. Ninavuta kidogo kwa zumu badala ya kusogea. Ninangoja. Mara nyingi samaki hutoa jicho tu, na picha haifai kitu. Mara mbili ametoka mwenyewe.

Ninawaomba walimu wanaoandaa maonyesho yajayo jambo moja: chini ya kila picha ya kiumbe wa majini iandikwe namna ilivyopatikana. Yangu ya safari hii ina jicho moja na giza kubwa, na haitashinda. Ya zamani iondoeni, au iacheni, lakini andikeni chini yake kwamba samaki yule alitikiswa.