Utabiri wa ardhi: Ni onyo, si hukumu

Imekuwa ada siku hizi kuwasikia wataalamu wakieleza msitu fulani utabakia na ukubwa gani mwaka 2050, au mji fulani utakuwa umetanuka hadi wapi baada ya miaka 20. Baadhi ya ndugu zetu huyasikia hayo wakakunja uso na kuuliza: je, huku si kudai elimu ya ghaibu? Wengine huyapokea kama jambo lililokwisha kukatwa, wakasema hapana tena la kufanya. Kwa maoni yetu, makundi yote mawili yamekosea, na kosa la pili ndilo lenye madhara zaidi.

Tangu Julai 1972, Marekani iliporusha satelaiti ya kwanza ya mfululizo wa Landsat, ardhi ya dunia imekuwa ikipigwa picha bila ya kukoma. Satelaiti za leo za mfululizo huo, kila moja hurejea juu ya mahali pale pale baada ya siku 16, na chembe moja ya picha yake hubeba eneo la mita 30 kwa 30. Mwaka 2008 hazina yote ya picha hizo ilifunguliwa bure kwa kila mtu. Mtaalamu huchukua picha za miaka miwili tofauti, akabainisha upi msitu, lipi shamba na upi mji. Kisha huhesabu ni kiasi gani cha msitu kilichogeuka shamba, na kiligeukia wapi: kando ya barabara, penye tambarare, au karibu na mji. Kanuni aipatayo huijaribu kwanza kwa mwaka uliokwisha pita, akailinganisha na picha halisi ya mwaka huo. Ikisadifu, ndipo huipeleka mbele.

Basi hapa hapana ghaibu. Huu ni mfano wa mkulima aonaye mto ukila ukingo hatua mbili kila masika, akajua nyumba yake imebakiza misimu mingapi.

Ama hilo kosa la pili, ushahidi wake upo Brazili. Taasisi ya utafiti wa anga ya nchi hiyo, INPE, imekuwa ikipima ukataji wa msitu wa Amazon kila mwaka tangu 1988 kwa picha za satelaiti. Mwaka 2004 zilifyekwa kilomita za mraba 27,772. Mwaka 2006, Britaldo Soares-Filho na wenzake walichapisha makadirio yao katika jarida la Nature: msitu wa bonde zima la Amazon, uliokuwa kilomita za mraba milioni 5.3 mwaka 2003, ungebakia milioni 3.2 mwaka 2050 iwapo mwenendo ungeendelea vile vile, na milioni 4.5 iwapo usimamizi ungeimarishwa. Zingatia, ndugu msomaji, kwamba hawakutoa jibu moja. Walitoa zaidi ya moja, na baina yake wakaweka matendo ya watu.

Matendo yakafuata. Serikali iliongeza maeneo ya hifadhi, ikatuma wakaguzi kule ambako picha zilionesha ukataji mpya, na ikawabana wavunjaji wa sheria katika mikopo ya benki. Mwaka 2012 ukataji ulishuka hadi kilomita za mraba 4,571. Usimamizi ulipolegezwa, ulipanda hadi 13,038 mwaka 2021. Uliporejeshwa, ulishuka hadi takriban 6,500 mwaka 2024. Satelaiti zilikuwa juu miaka yote hiyo. Kilichobadilika ni azma ya watawala. Mwaka 2019, Rais Jair Bolsonaro alipozitilia shaka takwimu za INPE, mkuu wa taasisi hiyo, Ricardo Galvão, alizitetea hadharani, naye akaondolewa katika wadhifa wake. Kumwondoa shahidi hakukurudisha mti hata mmoja.

Satelaiti hizo hizo hupita juu ya mikoko ya Rufiji na juu ya viunga vya Dar es Salaam. Hatuna budi kuzitumia, lakini kwa uadilifu. Picha huonesha kilichoota. Haioneshi mwenye haki. Shamba lililoachwa lipumzike laweza kuhesabiwa kuwa pori, na malisho ya wafugaji wakati wa kiangazi yakaonekana ardhi tupu isiyo na mwenyewe. Mpaka wa wakfu, au fungu la yatima katika mirathi, hauna rangi yake katika picha. Kwa hiyo, kabla ramani haijatumika kugawa hata ekari moja, ishushwe kijijini, isomwe mbele ya wazee, wanawake na vijana wanaoijua ardhi hiyo kwa miguu yao, nao wasikilizwe.

Ardhi ni amana mikononi mwetu, na wanaotufuata watatuuliza. Vizazi vilivyotutangulia vingeweza kusema havikuona. Sisi tumeoneshwa moto ungali cheche. Tukikaa kitako, udhuru huo hatunao.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.