Na watoto wa Likawage je?



Kila tarehe 28 Desemba, Kanisa linapowakumbuka Watoto Mashahidi, parokia nyingi za mijini hujaa watoto wa Utoto Mtakatifu. Wanaingia kwa maandamano, sare zimenyooshwa, skafu shingoni. Wanaimba, wanasoma masomo, wanatoa matoleo. Tunapiga vigelegele, na ni haki yetu kufurahi. Lakini sisi tunaojiandaa kutumwa shambani mwa Bwana tunauliza: na watoto wa Likawage je?

Asiyeijua Likawage asione haya. Ni kata ya bara katika Wilaya ya Kilwa, Jimbo la Lindi, mbali na barabara ya lami inayopita Nangurukuru. Ni nchi ya misitu, ufuta na korosho. Wenyeji wengi wa wilaya ile ni Waislamu. Wakristo ni wachache, na wengine ni wageni: walimu, wauguzi, na familia za wafugaji waliohamia mkoa wa Lindi na ng'ombe wao baada ya kuondolewa bonde la Usangu kuanzia mwaka 2006. Katika mazingira ya namna hiyo mtoto Mkatoliki anaweza kuwa peke yake darasani. Masika yakikolea, njia za bara hazipitiki, na Misa inasubiri jua.

Utoto Mtakatifu ulizaliwa kwa ajili ya mtoto wa namna hii. Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, aliuanzisha mwaka 1843. Aliwaomba watoto mambo mawili tu: Salamu Maria moja kila siku, na senti moja kila mwezi kwa ajili ya watoto wa mbali. Mwaka 1922 Papa Pio XI aliufanya kuwa shirika la kipapa. Kauli yake haijabadilika: watoto wawasaidie watoto.

Hapa ndipo historia inapotugusa. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa mlango mkubwa wa biashara ya watumwa kutoka pande za Ziwa Nyasa. Kati ya waliopakiwa majahazini kwenda Zanzibar walikuwamo watoto wengi. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofanya kazi Zanzibar, na kisha Bagamoyo kuanzia mwaka 1868, fedha za kuwakomboa na kuwalea watoto watumwa zilitoka kwa sehemu kubwa Utoto Mtakatifu. Yaani senti ya mtoto wa Ulaya ilimfikia mtoto ambaye huenda alipitia Kilwa. Leo sisi tulio mkoa jirani tunashindwaje?

Historia hiyohiyo inatuonya pia. Pale Bagamoyo watoto waliishi kwa kengele na kazi za shamba, na baadhi yao walipokua waliondoka. Jina kuwamo daftarini si sawa na mtoto kujiona yuko nyumbani. Kwa hiyo tunaposema Utoto Mtakatifu unakua, tusihesabu sare peke yake.

Wapo wanaosema nguvu ziende penye wengi: mlezi mmoja mjini anafundisha watoto mia, kule atapata sita. Hoja hii ina uzito, maana walezi ni haba na mafuta ya pikipiki yana bei. Lakini wale mia wana mapadri, masista, kwaya, na wazazi wenzao jirani. Wale sita wakimkosa huyo mmoja, hawana mwingine. Mchungaji wa Injili hakupiga hesabu ya faida alipowaacha 99.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, matoleo ya siku ya watoto yana njia yake kwenda mfuko wa kipapa, na yasiguswe. Ila kila parokia kubwa ichukue kigango kimoja cha mbali na kumtegemeza katekista wake, kwa posho ya kudumu na vitabu. Katekista akiondoka kwa njaa, mafundisho ya watoto yanaondoka naye.

Pili, sisi mafrateri tuache kuombea likizo zenye umeme na intaneti. Tuombe kutumwa vigango vya bara, na mwaka unaofuata turudi palepale. Mtoto anayezoea kuagwa hujifunza kutomwamini mtu.

Tatu, tulinde heshima. Tusimkusanye mtoto bila ridhaa ya wazazi wake, na mlezi asikae peke yake na mtoto faraghani. Na watoto wa jirani zetu Waislamu wakija kucheza, wacheze kwa amani. Pipi na kalamu zisiwe chambo. Ujirani mwema wa Kilwa ni mali ya wote, na tukiuharibu, wa kwanza kuumia ni yule mtoto aliye peke yake darasani.

Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu aliandikishwa Utoto Mtakatifu mwaka 1882, akiwa na miaka 9. Baadaye aliingia monasterini na hakwenda misioni yoyote, lakini Kanisa lilimfanya msimamizi wa misioni. Wazazi, msidharau Salamu Maria ya mwanenu. Mfundisheni tu kuitaja Likawage anapoisali. Anayemwombea mwenzake kila jioni, siku moja atauliza kwa nini hatujaenda kumwona, nasi itatupasa tuwe na jibu.